UZI: Presha na mishipa ya damu. Tabia zipi zinapandisha, kwa kiasi gani na kwa njia ipi

#1 Nesi wa Zamu

Wakuu, salaam. Maswali ya presha yanajirudia humu kila wiki, na majibu mengi yanaishia "punguza chumvi, fanya mazoezi". Ni kweli, lakini mtu akitoka hapo hajui aanzie wapi. Chumvi ipungue hadi gramu ngapi? Mazoezi gani, dakika ngapi? Na hiyo presha yenyewe ilipimwaje? Naomba kila anayechangia aje na kiasi na sababu yake.

Naanza na kupima, kwa sababu bila namba ya kuaminika huwezi kujua kama tabia uliyobadilisha imesaidia.

Nusu saa kabla ya kupima: hakuna kahawa, hakuna sigara, hakuna mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza, kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umetulia, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipandane. Kaa hivyo dakika 5 bila kuongea na bila simu mkononi. Mkono uwekwe juu ya meza, mkanda wa mashine unaozunguka mkono uwe usawa wa moyo, yaani katikati ya kifua.

Hapo kwenye mkono ndipo wengi wanapokosea, basi nieleze. Damu ina uzito. Mkanda ukiwa sentimita 10 chini ya moyo, uzito wa ile damu iliyo katikati unaongeza karibu milimita 8 za zebaki (ndicho kizio cha presha) kwenye kipimo. Mtu mwenye 134 anasoma 142 kwa sababu tu mkono ulikuwa umelala mapajani. Ukiuinua juu ya moyo, kosa linakuwa kinyume: unasoma ndogo na kujipa moyo bure.

Mkanda wenyewe: sehemu inayojaa upepo izunguke asilimia 80 hivi ya mkono. Chukua futi ya kamba, pima mzingo katikati ya bega na kiwiko, kisha linganisha na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Uvae kwenye ngozi tupu, ukingo wa chini uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya kunjo la kiwiko. Kuviringisha mkono wa shati hadi ukabana juu ni sawa na kufunga kamba, afadhali kuvua.

Pima mara 2 asubuhi kabla ya dawa na kabla ya kula, mara 2 jioni, dakika 1 kati ya kipimo na kipimo, kwa siku 7. Tupa siku ya kwanza, maana mwili huwa na wasiwasi. Zinabaki namba 24, tafuta wastani wake. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni presha ya juu (135 ndiyo namba ya juu, moyo unapopiga; 85 ndiyo ya chini, moyo unapopumzika). Kliniki mstari unaotumika sehemu nyingi ni 140/90. Marekani tangu 2017 wanatumia 130/80.

#2 Mdau Makini

Shukrani, mkuu. Mawili: mkono upi? Na vipimo viwili vya kufuatana vikitofautiana, kosa ni la mashine?

#3 Nesi wa Zamu

Siku ya kwanza pima yote miwili, halafu endelea na ule uliotoa namba kubwa. Tofauti ya 10 au zaidi inayojirudia mwambie daktari. Ikivuka 15, huenda mshipa wa upande wenye namba ndogo umeanza kuziba. Hiyo ni habari ya bure kuhusu hali ya mishipa, na watu wengi hawaipati kwa kuwa wanapima mkono mmoja maisha yao yote.

Tofauti ya vipimo viwili ni kawaida, presha hubadilika kila pigo la moyo. Ndiyo maana tunatafuta wastani. Ila mapigo yasiyofuata mpangilio huzichanganya mashine za umeme, hapo inafaa mhudumu apime kwa chombo cha kusikiliza mapigo. Mashine za kifundo cha mkono zinataka mkono ushikiliwe usawa wa moyo kila mara, kwa hiyo mimi napendekeza ya mkono wa juu.

#4 Mshipa Mpana

Uzi mzuri. Niingie ndani ya mshipa, maana huko ndiko tabia zote zinakokutana.

Ukuta wa ateri una matabaka matatu. La ndani kabisa, linalogusana na damu, linaitwa endotheli, na ni seli moja tu kwa unene. Kazi yake kubwa ni kutoa gesi ya naitriki oksidi, inayoiambia misuli ya ukuta "legea". Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo ndio uliowapa Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Endotheli ikiwa na afya, mshipa unapanuka pale damu inapohitajika. Moshi wa sigara, sukari kubwa ya muda mrefu, chumvi nyingi na presha yenyewe huipunguzia uwezo wa kutoa gesi hiyo. Mshipa unabaki umejikaza.

Sasa tazameni hesabu. Damu inayopita kwenye mrija inategemea nusu kipenyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Mshipa ukipungua upana kwa asilimia 10 tu, damu inayopita inapungua kwa zaidi ya asilimia 34. Ili damu ileile ipite, msukumo unatakiwa uongezeke kwa karibu nusu. Ukipungua kwa nusu, inabaki sehemu 1 kati ya 16. Kwa hiyo kujikaza kidogo kwa vijishipa vidogo mwili mzima kunatosha kuusukuma moyo kwenye kazi nzito, hata kama hakuna kilichoziba.

Kuziba ni hatua nyingine. Lehemu (kolesteroli) mbaya, LDL, hupenya chini ya endotheli iliyochoka. Inaharibika humo ndani, seli za kinga zinaila mpaka zinavimba, na linajengeka gando lenye kofia ya nyuzi juu. Hatari kubwa huja kofia ikipasuka: damu inaganda palepale na mshipa unaziba ndani ya dakika. Ndiyo maana mshtuko wa moyo unaweza kumpata mtu ambaye mshipa wake ulikuwa haujabana sana.

Kuna na ukakamavu. Ukuta una nyuzi za elastini zinazovutika na kurudi kama mpira. Miaka ya kupigwa na presha kubwa huzikata, na mwili unajaza nyuzi ngumu za kolajeni. Dalili yake mtaiona kwenye mashine: namba ya juu inapanda, ya chini inabaki palepale au inashuka, mfano 165/75. Wapo wanaofurahia ile 75. Kwa mtu mzima, pengo la 90 kati ya namba mbili linaonyesha mishipa imekakamaa, na linataka kushughulikiwa.

#5 Tabibu Mwanafunzi

Na zile dawa za "kusafisha mishipa", limau na kitunguu saumu asubuhi?

#6 Mshipa Mpana

Ndugu, gando limo ndani ya ukuta, chini ya endotheli. Halijakaa kama uchafu wa bomba la sinki. Unachokunywa hakiwezi kupita na kulikwangua. Kinachofanya kazi ni kushusha LDL iliyo kwenye damu kwa miezi na miaka: mafuta ndani ya gando yanapungua, kofia inaimarika, hatari ya kupasuka inashuka. Kwa chakula, badilisha mafuta yanayoganda kwa mafuta ya mimea ya maji, achana kabisa na yaliyogandishwa kiwandani, ongeza maharage, dengu na shayiri. Nyuzi laini za shayiri, gramu 3 kwa siku, zimethibitishwa kushusha LDL kiasi. Mwenye hatari kubwa anahitaji statini pia (dawa za kushusha lehemu), na hilo si jambo la kuonea aibu.

Limau lina faida yake jikoni, naona Lishe kwa Mizani atalifikia.

#7 Lishe kwa Mizani

Nipo. Chumvi basi.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani gramu 2 za sodiamu. Gramu 5 ni kijiko cha chai kisichofika kilele, na humo humo kuna chumvi ya mkate, ya kopo na ya kiungo cha mchemraba.

Njia rahisi ya kujipima nyumbani: ukifungua paketi mpya ya chumvi, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Paketi ya gramu 500, watu 4, gramu 5 kila mmoja: inatakiwa idumu siku 25. Ikiisha siku ya 15, wastani ni zaidi ya gramu 8 kwa kichwa, na bado hujahesabu vya kununua. Kipimo hiki si kamili, kuna chumvi inayomwagwa na maji ya kuchemshia, lakini kinafumbua macho kuliko kukisia.

Kusoma lebo: ikiandikwa sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 400 za sodiamu ni gramu 1 ya chumvi. Kwa gramu 100 za chakula, chumvi ya gramu 1.5 kwenda juu ni nyingi, gramu 0.3 kushuka chini ni kidogo. Angalieni pia "kwa kipimo" ni kipimo gani, maana pakiti inaweza kuhesabiwa kama vipimo viwili wakati mtu anaila yote kwa mkao mmoja. Mkate hauna ladha ya chumvi lakini mara nyingi una karibu gramu 1 kwa kila gramu 100. Mchuzi wa soya, kijiko kimoja cha mezani, ni gramu 2 na zaidi.

Kupunguza ghafla ndiko kunakowashinda watu, chakula kinakuwa hakina ladha na wiki ya pili wanarudi walikotoka. Punguza robo ya kawaida yako kila wiki mbili. Ulimi unazoea ndani ya wiki chache, na ukizoea, chakula cha zamani utakiona kikali. Chumvi iingie mwisho wa kupika, punje zikiwa juu ya chakula ulimi unazihisi zaidi. Hapo ndipo limau na siki zinaposaidia: uchachu unaziba pengo la chumvi. Kiungo cha mchemraba ukikitumia, usitie chumvi nyingine.

Matarajio: kwa mwenye presha ya juu, kutoa gramu 4 hadi 5 kwa siku hushusha namba ya juu kwa takriban 5. Wengine hushuka zaidi, hasa wazee na wenye matatizo ya figo. Pima baada ya wiki 4, usipime kesho yake.

Na chumvi ya waridi, ya bahari, ya mawe: zote ni kloridi ya sodiamu. Ile yenye punje kubwa inajaza kijiko kwa uzito mdogo, tofauti inaishia hapo.

#8 Famasia ya Usiku

Naomba niongezee kwa Lishe kwa Mizani jambo ambalo likikosewa linaua.

Kuna chumvi mbadala ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa na potasiamu. Ni nzuri. Utafiti mkubwa uliofanywa vijijini China na kutangazwa 2021 ulitumia mchanganyiko wa takriban robo tatu chumvi ya kawaida na robo kloridi ya potasiamu, kwa watu karibu 21,000, na viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Lakini mwenye figo dhaifu hawezi kutoa potasiamu ya ziada, ikijaa kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Hali kadhalika anayetumia dawa za presha au moyo kama lisinopril, enalapril, losartan au spironolactone: asiiguse bila kupima damu na kuongea na daktari wake.

La pili, dawa zinazopandisha presha kimyakimya. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac hufanya figo zishike chumvi na maji, na hupunguza nguvu ya dawa nyingi za presha. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine hukaza mishipa. Prednisolone (dawa ya kutuliza uvimbe na mzio), na baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, pia. Mtu anabadilishiwa dawa ya presha mara tatu kumbe kila siku anameza diclofenac ya mgongo, na hakuna aliyemuuliza.

Na hivi vidonge vinavyoyeyuka kwa povu kwenye glasi: povu linatokana na bikaboneti ya sodiamu. Kidonge kimoja cha paracetamol cha aina hiyo kinaweza kubeba miligramu 400 za sodiamu. Vidonge 8 kwa siku ni miligramu 3,200, umevuka kikomo cha siku nzima kabla hujaonja chakula. Chukua cha kawaida cha kumeza.

#9 Kocha Pumzi

Mazoezi, nitakuwa mfupi kwenye yanayojulikana. Dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani: unaweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba huwezi. Baada ya zoezi presha hushuka chini ya ilivyokuwa na inaweza kubaki hivyo saa kadhaa, hata karibu siku nzima. Kwa hiyo dakika 30 siku 5 ni bora kuliko kukusanya zote Jumamosi.

Ninalotaka kukazia ni zoezi la kukaa ukutani bila kiti. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2023 uliona mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea yanashusha namba ya juu kwa karibu 8, zaidi ya aina nyingine zilizolinganishwa. Mpango ni huu: egemeza mgongo wote ukutani, sogeza nyayo mbele hatua moja na nusu, teleza chini mpaka magoti yakunjike. Usiende hadi pembe ya kiti siku ya kwanza, shuka nusu tu. Shikilia dakika 2, simama upumzike dakika 2, rudia mpaka raundi 4. Siku 3 kwa wiki, ukiruka siku katikati. Ukiona dakika 2 zinapita bila miguu kuwaka, shuka kidogo zaidi. Magoti yasipite vidole vya miguu, yakipita goti linabeba mzigo zaidi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kubana pumzi. Ukibana pumzi huku umekaza misuli, presha inaruka juu sana kwa sekunde hizo. Hesabu kwa sauti mpaka mwisho, anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

Presha ya mapumziko ikiwa 180/110 au zaidi, hakuna mazoezi siku hiyo, tafuta daktari. Na usisimame ghafla baada ya kukimbia, tembea dakika 5 hadi 10. Damu imejaa miguuni, misuli ikisimama haisukumi tena, na anayetumia dawa anaweza kuzirai.

Ukiacha, faida inayeyuka ndani ya wiki chache. Hilo lisemwe wazi.

#10 Mdau Makini

Usingizi, pombe na sigara hamjagusa. Na uzito?

#11 Nesi wa Zamu

Uzito: kila kilo 1 inayotoka, namba ya juu hushuka kwa takriban 1. Pima na kiuno, kisizidi nusu ya urefu wako.

Sigara ina mtego. Kila moja hupandisha presha kwa dakika chache kisha inashuka, hivyo mvutaji akipimwa baada ya kukaa kliniki anaonekana yuko sawa. Endotheli yake haiko sawa hata kidogo. Akiacha, hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua kwa karibu nusu ndani ya mwaka mmoja.

Pombe hupandisha presha kadiri inavyoongezeka, na akipunguza inashuka. Ila aliyekuwa akinywa sana kila siku asikate ghafla peke yake, anaweza kupata degedege. Apunguze chini ya uangalizi.

Usingizi: usiku presha inatakiwa ishuke kwa asilimia 10 hadi 20, ndiyo mapumziko pekee ambayo mishipa inapata. Anayekoroma kwa nguvu, akanyamaza sekunde kadhaa, kisha akashtuka kama aliyekabwa, pumzi yake inakatika usingizini. Kila mkatiko unaamsha homoni ambazo mwili hutoa ukihisi hatari, na presha inapanda badala ya kushuka. Mgonjwa anayetumia dawa tatu bila kufanikiwa aulizwe hili, na aulizwe anayelala naye, maana yeye mwenyewe hajisikii.

#12 Tabibu Mwanafunzi

Akibadilisha haya yote na namba zikakaa 118/74, aache dawa?

#13 Famasia ya Usiku

Asiache mwenyewe. Hiyo 118/74 imetokana na tabia pamoja na dawa, na hakuna anayejua ni sehemu gani ya kipi mpaka dozi ipunguzwe taratibu huku anapima. Dawa kama atenolol, propranolol na hasa clonidine zikikatwa ghafla, presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Kuna dalili ya kwamba dozi sasa imezidi: kizunguzungu akisimama. Apime amekaa au amelala kwa dakika 5, asimame, apime tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, apeleke karatasi hiyo kliniki mapema. Wazee wanaanguka na kuvunjika nyonga kwa sababu hii.

#14 Mdau Makini

La mwisho kwangu: mashine ikionyesha 190/122 usiku, mtu afanye nini hapo hapo?

#15 Nesi wa Zamu

Aangalie mwili kabla ya namba. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, maneno kuchanganyika, macho kuona giza ghafla, kichwa kuuma kuliko alivyowahi kuumwa: hospitali sasa hivi, asiendeshe gari mwenyewe.

Hana dalili yoyote? Akae kimya dakika 5, arekebishe mkono na mkanda, apime tena. Ikibaki juu ya 180/120, awasiliane na mtoa huduma siku hiyo hiyo. Kama alisahau dozi yake, aulize kabla ya kuifidia, na asimeze mara mbili. Asiweke nifedipine (dawa ya presha) chini ya ulimi kama watu wanavyoshauriana. Presha ikiporomoka ghafla, ubongo na moyo vilivyozoea msukumo mkubwa vinakosa damu, na kiharusi kinakuja kwa njia hiyo.

Na kama ni dalili za kiharusi, aliye naye aandike saa kamili mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, na swali la kwanza mlangoni litakuwa: ilianza saa ngapi?